Aliyefunga Valvu Namba Nne

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Nywila, na jina hilo alilitolea jasho. Siku moja alimkuta muuza duka ameandika nywila ya simu yake kwa kalamu ya wino mgongoni mwa simu yenyewe. Alimsimamisha mbele ya wateja akamsomea somo la dakika kumi, na sukari aliyoagiza ikabaki kwenye mizani. Wifi yake, aliyekuwa akifungulia kila kitu kwa mwaka wake wa kuzaliwa, aliambiwa mezani, wageni wakiwapo, kwamba hana tofauti na mtu anayelala mlango wazi na kujifunika shuka usoni. Watoto wa ghorofa ya chini wakimwona anarudi kazini walificha simu za mama zao mgongoni na kumwambia kwamba leo nywila hakuna, zimekwisha. Naye alicheka nao. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa, na aliipenda kazi yake kiasi cha kuwachosha watu.

Kazini kwake kulikuwa jengo la ghorofa tatu lisilo na kibao, nyuma ya ofisi ya ramani. Majengo ya namna hii yapo karibu kila mji mkuu: rangi ya krimu, mlinzi na daftari lake, ngazi inayonuka dawa ya sakafu. Hili lilikuwa la taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama wa mitandao. Watu wa nje walidhani humo kunawindwa wadukuzi usiku na mchana. Kumbe muda mwingi watafiti walikuwa wanasoma, wanapima, na kuandika barua za kuomba ruhusa ya kupima.

Kwenye ukuta wa ukumbi Mkurugenzi alikuwa amebandika vipaumbele vitano vya taifa, vikiwa vimeandikwa kwa herufi kubwa: maji, umeme, afya, chakula, elimu. Chini ya kila neno kulikuwa na majina ya watafiti. Ambaye jina lake halikukaa chini ya neno lolote alijua kwamba mwakani kiti chake kitakuwa cha mtu mwingine. Chini ya maji kulikuwa na jina moja tu, la Mama Nywila.

Mkurugenzi hakuwa mtu wa kujionyesha. Alikuwa na tai moja fupi na imani moja ndefu, kwamba anayetaka kuiangusha nchi siku hizi hahitaji bunduki, anahitaji kukaa kule mbali, akiwa na kompyuta, na kufunga maji kwa siku tatu. Alilisema hilo wizarani mara nyingi hadi makarani wakawa wanammalizia sentensi. Lakini aliamini, na Mama Nywila aliamini pamoja naye. Kazi yake ilikuwa kujua adui angefanya nini ndani ya mitambo ya maji, ili afanye yeye kwanza, mahali ambapo hakuna atakayeumia.

Mahali hapo alipajenga mwenyewe. Katika chumba cha ghorofa ya pili aliunda mfano kamili wa kituo cha maji cha mji: skrini zilezile, vipimo vilevile, pampu tano na valvu kumi na nne zilizokuwa ndani ya kompyuta tu. Wenzake waliuita Kivuli. Ulimchukua mwaka mzima, na asingeuweza bila Koki.

Koki alikuwa msimamizi wa zamu katika kituo chenyewe, kule kwenye pampu za kweli. Alikuwa na miaka hamsini na minane, thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia hapo, na bega lake moja lilikuwa chini ya lingine kwa sababu alianza kazi enzi za kufunga valvu kwa mkono. Siku ya kwanza Mama Nywila alipofika na kompyuta yake kwapani, alimuuliza kama anajua kutofautisha pampu na sufuria. Wiki ya pili alimfundisha kugusisha ncha ya bisibisi kwenye pampu na kuweka mpini sikioni, ili asikie chuma kinavyosema. Wiki ya tatu alianza kumwita mwanangu, naye akamwita baba.

Kivuli kilihitaji vipimo vya kweli kila asubuhi, vinginevyo kingekuwa picha tu. Mama Nywila aliandika barua kuomba akaunti ya kuangalia bila uwezo wa kugusa. Barua ikaingia ofisi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila alipouliza aliambiwa ipo mezani kwa mkubwa. Miezi mitano alikuwa akipanda mabasi mawili hadi kituoni, ananakili namba kwa penseli, kisha anarudi mjini kuziingiza. Masika yalipoanza Koki alitazama viatu vyake vilivyojaa tope, akachana kipande cha boksi la majani ya chai na kuandika juu yake.

"Chukua hii," alimwambia. "Uwe unaangalia ukiwa kwenu huko. Ila usiguse kitu."

"Siwezi kugusa, baba."

Ilikuwa nywila yake. Ukutani, juu ya kichwa cha Koki wakati anaandika, kulikuwa na bango la taasisi lenye kanuni saba za usalama, na kanuni ya pili ilisema usimpe mtu yeyote nywila yako, hata bosi wako. Kanuni hizo zilitungwa na Mama Nywila. Aliikariri nywila, akakichana kipande cha boksi vipande vidogo, na kwa kufanya hivyo akajiona amefuata utaratibu. Alijiambia ni kwa wiki moja tu, hadi barua itoke. Ikawa miezi saba.

Kuhusu Kivuli alikuwa na majivuno. Juu ya skrini yake kulikuwa na utepe wa kijani ulioandikwa HUU NI MFANO, lakini wasimamizi wa zamu walipokuja kufanya mazoezi waliuona na kuanza utani. Walifunga na kufungua hovyo kama watoto kwenye bembea. Alitaka watoke jasho. Kwa hiyo, siku mbili kabla ya maonyesho ambayo manaibu waziri wangekuja kuyatazama, aliuondoa utepe. Akawaita wenzake wawili, akawawekea skrini mbili ubavu kwa ubavu, Kivuli na kituo chenyewe, na kuwauliza kipi ni kipi. Wote wawili walikosea. Siku hiyo alirudi nyumbani anapiga mluzi.

Alhamisi, saa tano asubuhi, alifungua kituo cha kweli kwa nywila ya Koki ili achukue vipimo. Kivuli kilikuwa wazi kwenye skrini ya pili. Simu ikaita. Mkurugenzi alitaka kujua kama wageni wataona maji yakikatika au wataona namba tu. Alimjibu akiwa amesimama, anazunguka meza, na alipokata simu alikaa mbele ya skrini ambayo haikuwa ya Kivuli. Akabonyeza valvu namba nne. Alikwisha kuifunga mara mia mbili na zaidi ndani ya Kivuli. Mfumo ukauliza kama ana hakika. Akajibu kwamba ana hakika.

Kitu cha kwanza kumgutusha kilikuwa mshale wa msukumo wa maji. Ndani ya Kivuli mshale huo ulishuka taratibu, kwa mstari ulionyooka. Huu ulikuwa unatetemeka. Kwa dakika moja hivi, na hili ndilo lililomwandama baadaye kuliko yote, alifurahi. Alidhani kazi yake imekuwa bora kuliko alivyokusudia. Kisha akaona jina la akaunti pembeni: la Koki.

Valvu namba nne ni kubwa kama mlango, na mota yake huchukua dakika kumi na mbili kuifunga. Badala ya kuisimamisha, Mama Nywila alilifunga dirisha la skrini. Alilifunga jinsi mtu anavyofunga pazia, akakaa mikono imo mapajani.

Kituoni Koki alisikia pampu ya tatu ikibadilisha sauti, akakimbilia mtambo, lakini pampu ilikuwa imeshazimika yenyewe na maji yakarudi nyuma kwa kishindo. Kiungo cha bomba la zamani kikapasuka barabarani, nyuma ya hospitali ya wazazi. Upande wote wa mashariki ulikaa saa tisa bila maji. Wauguzi walipandisha madumu kwa ngazi. Operesheni nne ziliahirishwa. Hakuna aliyekufa, na sentensi hiyo Mama Nywila aliishika kama mtu anavyoshika bomba la basi linapokata kona.

Alijiambia atasema baada ya chakula cha mchana. Baada ya chakula Mkurugenzi aliingia macho yakiwaka. Wizara ilikuwa imepiga simu mara tatu. Sasa wameelewa, alisema, miaka yote alikuwa anawaambia, sasa wameona wenyewe maji ni nini. Taasisi imeombwa kuandika ripoti ya kitaalamu juu ya tukio, na nani anaijua mitambo ile kuliko yeye? Alimpa kazi hiyo pale pale mlangoni. Mama Nywila akasema, "Sawa, Mkurugenzi."

Mfumo wa kituo ulikuwa na kumbukumbu ya kila amri. Kumbukumbu ilisema saa tano na dakika nane, akaunti ya msimamizi wa zamu, funga valvu namba nne. Kesho yake asubuhi Koki alisimamishwa kazi.

Kulikuwa na jambo moja ambalo lingemwokoa siku hiyohiyo. Mfumo ule wa zamani uliandika nani ametoa amri, lakini haukuandika ameitoa akiwa wapi. Udhaifu huo uligunduliwa na mtu mmoja tu, naye alikuwa ameuandika katika ukurasa wa arobaini na moja wa rasimu yake ya utafiti, ambayo hakuna aliyekuwa ameisoma kufikia ukurasa huo. Mtu huyo alikuwa akikaa mbele ya kompyuta kila siku akiandika ripoti isiyotaja ukurasa huo. Aliandika kwamba amri ilitolewa kwa akaunti ya msimamizi wa zamu. Sentensi ilikuwa ya kweli neno kwa neno. Aliifuta na kuiandika upya mara kumi na moja, na kila mara ilirudi ikiwa ya kweli.

Mtaani watu waligundua kwamba amenyamaza. Muuza duka alimtolea simu makusudi, namba zikiwa zimeandikwa mgongoni kama zamani, akamtazama anavyolipa na kuondoka bila neno. Baadaye muuza duka alimuuliza mume wa Mama Nywila kama mama ni mgonjwa.

Siku ya kumi na saba, Jumapili, alikwenda nyumbani kwa Koki kuchukua maelezo yake, kwa kuwa ripoti isingekamilika bila hayo. Mke wa Koki alimfungulia. Kwenye swichi ya jiko kulikuwa na karatasi iliyobandikwa: ZIMA. Kwenye mlango wa nje nyingine: FUNGUO. Sebuleni Koki alikuwa kwenye kiti, macho ameyafumba, na mjukuu wake wa miezi minane alikuwa mkekani karibu na miguu yake, akimnyooshea mikono. Koki hakumnyanyua.

"Karibu, mwanangu," alisema bila kufumbua macho. "Ngoja kidogo. Sabini na mbili. Sitini na tano."

Daktari alikuwa amemwambia kipimo cha ubongo kina foleni ya wiki sita. Wakati anasubiri, kila siku ahesabu kuanzia mia akipunguza saba saba. Mkewe alikuwa na daftari la kusahihishia.

"Leo nimefika sitini na tano bila kuanguka," Koki alimwambia mgeni. "Huyu mama ananisimamia kama mwalimu wa zamu."

"Jana ulianguka kwenye sabini na tisa," mkewe akasema.

"Jana nilikuwa na njaa."

Wakacheka wote wawili, mgeni akacheka pia, na kicheko chake mwenyewe kikamkera masikioni.

Kisha Koki alieleza. Alikuwa anafuta miwani kwa shati. Akasikia pampu ya tatu, akainua kichwa, na valvu ilikuwa inakwenda, kwa jina lake. Mwanzoni alidhani kiwiko kimegusa. Lakini mfumo unauliza kama una hakika, na kiwiko hakijibu swali. Kwa hiyo alijibu yeye, na hakumbuki. Kaka yake mkubwa alianza hivyohivyo, kwa kuweka viatu ndani ya friji, watu wakacheka, na alipotimiza sitini na moja alikuwa anasimamisha wapita njia kuwauliza kama wamemwona mama yake. Koki alisimulia haya kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya zamu. Jumanne kamati ya uchunguzi itakaa. Wamemwandalia barua ya kustaafu kwa sababu ya afya, na humo anakiri kwamba ndiye aliyetoa amri. Ataisaini. Afadhali atoke sasa kuliko siku moja aue watu.

Mama Nywila alimuuliza, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango akiomba usifunguliwe, kama hajafikiria kwamba huenda ni mtu mwingine.

"Nani sasa?" Koki alisema. "Nywila yangu unayo wewe tu. Na wewe uliniambia hugusi."

Alisema hivyo kama anavyosema leo ni Jumapili. Mama Nywila alimchunguza usoni akitafuta mtego, na mtego haukuwepo. Angefurahi kama ungekuwepo. Akainamisha kichwa, akaandika maelezo hadi mwisho, akanywa chai yote aliyowekewa. Koki alimsihi asimfichie kitu kwenye ripoti, aandike kama ilivyo. Mlangoni mke wa Koki alimshika mikono yote miwili akamshukuru kwa kuja, maana wenzake wa kazini hawaji, wanaogopa kama vile uzee unaambukiza.

Jumatatu jioni alimwambia mumewe. Mumewe ni mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu mpole anayezungumza na samani. Mama Nywila alieleza akiwa anaosha vyombo, maji yakitiririka, na hakugeuka. Mumewe alinyoosha mkono akafunga bomba.

"Mzee anajua?"

"Hajui."

"Na kesho anasaini?"

"Anasaini."

Alisubiri amkaripie, au amtetee. Mumewe alichukua kitambaa, akafuta sahani zote moja moja na kuzipanga, akaenda kulala bila kumuaga. Hilo halikuwa limetokea katika miaka kumi na minne.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, chupa mbili za chai na watu watano. Mwenyekiti alikuwa mwanamke wa makamo aliyezoea kumaliza vikao kabla ya saa sita. Nakala za ripoti zilikuwa zimegawiwa. Mkurugenzi alikaa kulia kwa Mama Nywila, na katika maneno ya utangulizi alisema tukio hili linaonyesha kwa nini nchi inahitaji utafiti huu, akamsifu mtafiti wake kwa kazi safi. Koki alikuwa amevaa suti iliyombana begani, lile bega la juu. Alipoulizwa kama ana la kuongeza alisema hana, ila anaomba radhi kwa hospitali. Barua ikasukumwa mbele yake. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Nionyesheni vizuri mahali penyewe," alisema. "Nisije nikasaini pasipo."

Karani akaweka kidole kwenye mstari. Koki akashika kalamu.

"Asisaini," Mama Nywila alisema. "Ni mimi."

Mwenyekiti alimuuliza ni yeye aliyefanya nini. Akajibu kwamba aliyefunga valvu ni yeye, kwamba alikuwa na nywila ya mzee huyu, kwamba alidhani yuko kwenye mfano. Mkurugenzi alimgusa mkono na kumnong'oneza akae, amechoka, amefanya kazi mno wiki hizi. Hakukaa. Aliwaomba wafungue rasimu yake ukurasa wa arobaini na moja, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nayo aliusoma kwa kichwa. Mwenyekiti alitaka kujua aligundua lini kwamba amefunga valvu ya kweli. Akajibu kwamba alijua tangu dakika ileile. Mwenyekiti akatazama kalenda ukutani, midomo ikicheza anapohesabu.

"Siku kumi na tisa," alisema.

Koki alikuwa bado ameshika kalamu. Alimgeukia Mama Nywila, na usoni mwake hakukuwa na hasira hata kidogo.

"Kwa hiyo siyo kichwa?"

"Siyo kichwa, baba."

"Kichwa changu kizima?"

"Kizima."

Akavua miwani, akaziba macho kwa kiganja, mabega yale mawili yasiyolingana yakawa yanatikisika. Mwenyekiti aliahirisha kikao.

Hasira ilimkuta Koki ukumbini nje, dakika tano baadaye. Mama Nywila alikuwa amesimama kando ya ngazi akitamani ardhi ipasuke. Alianza kumwomba msamaha, akatamka tena neno baba.

"Usiniite hivyo leo," Koki alisema. Hakupandisha sauti. "Ulinikuta nahesabu saba saba. Ukakaa kwangu, ukanywa chai, ukaandika."

Mama Nywila alishika reli ya ngazi.

"Kazi wangeninyang'anya, ningezoea. Mjukuu wangu sijambeba siku kumi na tisa, bibi. Nilikuwa naogopa nitamsahau mahali."

Alimwambia hataki barua ya radhi, barua anazijua zinakolala. Kule kituoni watu wameambiwa mzee amekwisha, na wameamini, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia. Basi waambiwe tena. Na waambiwe kwa mdomo wake yeye mtafiti, wakiwa wamekaa, zamu nzima.

Taasisi ilimwondolea ruhusa ya kugusa mfumo wowote kwa miaka miwili na kumteremsha ghorofa ya chini, kwenye chumba cha kusajili mashine. Hawakumfukuza. Mkurugenzi, ambaye naye alipata barua ya onyo, alisimama mbele ya wizara akasema jambo ambalo wengi walidhani ni ujasiri na wachache walidhani ni ukaidi: kwamba mtafiti amekosa, lakini utafiti haujakosa. Ukurasa wa arobaini na moja ukasomwa hatimaye, na watu wengi, kwa sauti. Miezi mitatu baadaye kila kituo cha maji nchini kiliandika nani katoa amri na kaitoa akiwa wapi, na hakuna valvu kubwa iliyoweza kufungwa na mtu mmoja bila wa pili kukubali. Nchi ilipata ilichokuwa inakihitaji. Mama Nywila alisoma waraka huo akiwa amekaa kati ya rundo la kibodi mbovu, akagundua kwamba sentensi nne ndani yake ni zake, zimenakiliwa bila kubadilishwa hata nukta. Hakumwonyesha mtu.

Kituoni alikwenda wiki moja baada ya kikao, saa nane mchana, zamu zinapobadilishana. Kantini ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja, na watu kumi na mmoja walikuwa kwenye mabenchi, wengine bado wanatafuna. Koki alikaa nyuma kabisa katika ovaroli yake, mikono ameikunja. Mama Nywila alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi. Aliiweka mfukoni, akasema bila kusoma. Alisema kuhusu barua iliyokaa mezani, kipande cha boksi, utepe wa kijani aliouondoa kwa majivuno. Akasema kuhusu ripoti. Akasema kwamba mzee hakugusa kitu, na kwamba yeye alijua, na alimwacha aamini vingine.

Fundi mmoja wa kike, mnene, mwenye grisi hadi kwenye viwiko, aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Dada, hapo ulipogundua umefunga ya kweli, valvu ilikuwa imefika wapi?"

"Robo."

"Robo," fundi akarudia, akiwatazama wenzake. "Kwa hiyo ungetupigia tungeisimamisha. Bomba lisingepasuka."

"Ndiyo."

"Simu hukuwa nayo?"

"Nilikuwa nimeishika mkononi."

Fundi alitikisa kichwa polepole, bila chuki, kama anavyotikisa mtu aliyetafuta ubovu wa mashine siku nyingi na sasa ameonyeshwa. Hakuuliza tena. Kengele ya zamu ikalia. Watu wakainuka, wakakusanya sahani, mabenchi yakakwaruza sakafu, na kila mmoja alipita pembeni yake akienda kazini. Koki alipita wa mwisho, akiongea na fundi yule juu ya pampu ya tatu. Mama Nywila alibaki amesimama pale mbele, kwa kuwa hakuna aliyemwambia akae, wala aende.